Gari la marehemu baba: nilinyanyue, au nilitie ekseli nzima mbele?

Assalaam alaikum Ami,

Mimi ni kijana wa miaka 31, mkazi wa Malindi, nina mke na mtoto mmoja. Ukilitazama juu juu, jambo langu ni la gari na mafundi. Lakini limeninyima usingizi mwezi mzima sasa, na limeshaingia mpaka jikoni kwangu.

Baba yetu alitutoka mwaka juzi, Mungu amrehemu. Aliacha nyumba ya Barani, kishamba upande wa Magarini, na gari moja: Toyota Hilux dabo kebini ya dizeli, ya mwaka 2003, ya kuvuta magurudumu yote manne. Tumezaliwa watatu. Dada yetu mkubwa ameolewa Mombasa, mimi ni wa kati, na mdogo wangu wa kiume bado yuko chuoni. Mama yu hai, alhamdulillahi. Baba alipoanza kuugua mimi ndiye niliyekuwa nikimwendesha, na alipofariki gari likabaki mkononi mwangu bila mtu kusema neno. Logibuku bado ina jina lake.

Gari hili ndilo linalotulisha. Napakia saruji, mabati, unga na soda mjini, napeleka Marafa, na mara nyingine nasonga mpaka Adu. Msimu wa maembe narudi na maembe. Wageni wakiwapo, jioni nawapeleka Nyari kutazama yale magenge yanavyogeuka mekundu jua likizama. Kiangazi sina shida. Taabu yangu ni masika. Ukishatoka Marafa kuna sehemu za udongo mweusi wa mfinyanzi, na kuna makorongo ambayo mvua ikinyesha juzi yanageuka mito leo. Mwaka jana nililala ndani ya gari siku mbili. Mbele gari hili halina ekseli ya kupitiliza. Kila gurudumu linajitegemea, na uzito umebebwa na toshenbaa, vile vyuma virefu vya kujinyonga vinavyofanya kazi ya springi. Raba zinazofunika jointi za magurudumu zimenipasukia mara tatu. Grisi yote hurukia ndani ya rimu, mchanga unaingia, na baada ya wiki nikikata kona nasikia ka-ka-ka-ka.

Sasa kuna mkandarasi ana kazi ya miezi sita ng'ambo ya Adu, kazi ya mabomba ya maji. Anataka gari la kupeleka wafanyakazi na vifaa kila siku, kuanzia kabla ya masika. Malipo ni mazuri, lakini siku ambayo gari halikufika, hakuna malipo. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi nimjibu.

Nimewauliza mafundi wawili. Wa kwanza ni mzee aliyelishika gari hili tangu enzi za baba. Anasema tulinyanyue: akaze toshenbaa, atie shokabzoba ndefu, aongeze bapa moja kwenye springi za nyuma. Hiyo ni shilingi 60,000. Nikitaka na tairi kubwa za 235/85 badala ya hizi 205 nilizo nazo, jumla 160,000.

Wa pili ni binamu yangu, fundi wa kuchomelea na wa magari ya mashamba. Yeye amepata ekseli nzima ya mbele ya zile Hilux za zamani zenye springi mbele, imetoka kwenye gari lililochinjwa. Anasema tukate vyuma vyote vya mbele, tuchomelee vishikio vya springi, tuipachike. Shilingi 240,000 kwa bei ya udugu, na ameshalipa arubuni kwa ajili yangu. Akaniambia, "Kunyanyua ni kumvisha mtoto viatu vya babake. Miguu ni ile ile."

Akiba yangu ni 70,000. Mke wangu ana 150,000 za chama, alizokusudia kufungulia duka la madira. Nilipomweleza alisema, "Chukua tu." Lakini alisema akiwa amenipa mgongo, anakanda unga, na hakugeuka.

Mama naye alisikia. Akauliza, "Gari la babenu mnataka kulikata?" Kisha akanyamaza mpaka leo. Mimi ndiye ninayempeleka kliniki ya presha kila mwezi, na goti lake si zima.

Ami, wewe umeendesha njia hizi kabla yetu. Nilinyanyue, au nitie ekseli?

Aliyekwama, Malindi

*

Waalaikum salaam warahmatullah, mwanangu.

Barua yako nimeisoma jana baada ya alasiri, nikairudia tena usiku. Mungu amlaze pema mzee wenu. Kweli nimezijua njia hizo. Nilishika usukani wa lori kwenda Garsen na Witu zamani kabla ya lami, na El Niño ya 1997 ilinikuta barabarani. Kwa hiyo usiku wa kulala ndani ya gari, huku mbu wanakula na maji yanavuma korongoni, hunihadithii. Naujua.

Nikikuelewa vizuri, kazi yako inakutaka upite mahali ambapo gari lako halipiti. Una njia mbili za kulibadilisha gari, na kila njia ina mtu wako nyuma yake: fundi wa baba upande huu, binamu upande ule. Pesa zilizopo nyingi ni za mkeo. Na mama yuko kimya. Wewe umeniuliza swali la chuma, na nitalijibu kadiri ninavyojua. Lakini utaniwia radhi nikigusa na hayo mengine, maana wewe mwenyewe umeyaandika.

Kwanza nikuulize: unapokwama, kinachokukwamisha ni nini hasa? Ni tumbo la gari limekalia tuta la katikati? Ni difu ya mbele, lile boksi la gia linalozungusha magurudumu? Ni ya nyuma? Au gari liko juu vizuri tu, ila tairi zimejaa tope zikawa kama maandazi, zinazunguka pale pale? Hukuniambia, na nahisi hata mafundi wako hawakukuuliza. Haya ni maradhi manne, na dawa zake si moja.

Nakuuliza kwa sababu hii. Ekseli nzima, hiyo anayoisifu binamu yako, ina difu yake katikati, inaning'inia kati ya magurudumu mawili. Uweke springi za urefu wa mlingoti, gari litapanda juu, lakini ile difu itabaki pale pale ilipokuwa. Kinachoinyanyua kutoka ardhini ni tairi peke yake. Ya kwako ya sasa haiko hivyo. Difu yako ya mbele imefungwa kwenye chesisi, kwa hiyo gari likinyanyuka nayo inanyanyuka. Na nyuma tayari una ekseli nzima! Kama linalokwaruza ni difu ya nyuma, basi si toshenbaa wala ekseli mpya ya mbele itakayokusaidia hata kwa unywele. Ni tairi tu. Kutoka 205 kwenda 235/85 tairi inapanda kutoka kama sentimita 74 mpaka karibu 80 na nusu, na kwa kuwa ekseli iko katikati ya tairi, unapata nusu ya tofauti hiyo: sentimita tatu na kidogo. Ni chache ukizitaja, ila kwenye tuta la tope ni nyingi.

Usinielewe kwamba namshusha binamu yako. Anachokisema kina msingi. Kwenye korongo, ekseli nzima ikipandishwa gurudumu la kulia inalisukuma la kushoto chini likatafute ardhi, na gari linatambaa kama kaa. Jointi zake zimefichwa ndani ya tufe la chuma, si ndani ya raba inayochanwa na kila mwiba wa Magarini. Springi zake zikikatika, fundi yeyote wa kijiji atazipanga upya. Wanaofanya kazi porini wanazipenda kwa sababu hizo, na mimi mwenyewe nimezipenda miaka mingi.

Na fundi wa baba naye hakudanganya, ila kuna jambo lazima alieleze. Toshenbaa ni chuma kinachojinyonga. Akikaza ile bolti, gari linanyanyuka, lakini chuma hakikuongezeka nguvu. Kimebadilishwa tu mahali kinapoanzia. Urefu unaoupata juu umeukopa kutoka chini, katika ile nafasi ya gurudumu kushuka. Akizidisha, mkono wa juu unaoshika gurudumu utakuwa umeegemea raba yake ya kuzuia kila wakati, na kila shimo utasikia ngo! ngo! Halafu jointi zako zitafanya kazi zikiwa zimepinda zaidi. Raba iliyopasuka mara tatu ikiwa imenyooka, ikipindwa itapasuka mara ngapi? Mafundi wenye subira huishia inchi moja na nusu hivi, kisha wanalipeleka gari kwenye alaimenti, kunyoosha tairi, siku hiyo hiyo, kwa sababu tairi zitakuwa zimekaa upande na zitaliwa kabla ya mwezi kwisha. Muulize atakaza kiasi gani. Akijibu "tutaona," mwombe achukue futi apime mbele yako, kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi juu yake, kabla na baada.

Kwa upande wa binamu nina maswali mengi zaidi, kwa kuwa kazi yake ni kubwa zaidi. Namba ya difu je? Ekseli ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na uwiano mmoja, yaani propela izunguke mara zile zile kwa kila mzunguko wa magurudumu. Kuna Toyota zilizotoka na 4.1, nyingine 4.3, nyingine 4.56, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Zisipolingana, siku utakapotia magurudumu yote manne kwenye ardhi ngumu, mbele na nyuma zitavutana mpaka kitu kivunjike, na mara nyingi kitakuwa ndani ya transfa, boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma. Kupima ni rahisi, hakuhitaji kompyuta. Ikiwa ekseli iko juu ya magogo, mtu mmoja ashike gurudumu la upande mmoja lisizunguke. Wewe zungusha la upande wa pili mara mbili kamili, na mwengine ahesabu flanji ya propela, pale mhimili wa kuzungusha difu unapofungwa, imezunguka mara ngapi. Ipake alama ya chaki. Ukipata mizunguko minne na kipande kidogo, ni 4.1. Ukipata minne na nusu kupita kidogo, ni 4.56. Kisha nyanyua nyuma ya gari lako ufanye vivyo hivyo. Lifanye hili kabla arubuni ile haijawa deni kamili.

Hakikisha pia difu ya ekseli hiyo iko upande ule ule ambao propela ya mbele inatokea kwenye transfa yako. Na stelingi, mwanangu, hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Boksi lako la stelingi limetengenezwa kusukuma rodi kulia na kushoto. La zile Hilux za zamani husukuma mbele na nyuma. Je, binamu ana boksi la kuendana na ekseli, au anataka kuunganisha hili na lile kwa kuchomelea? Rodi ya stelingi iliyochomelewa mimi siipandi, na sitaki wewe upandishe wafanyakazi kumi wa watu nyuma yake. Mabomba ya breki lazima yarefushwe. Pembe ya ekseli ikikosewa kidogo, ukifika kasi ya 70 usukani unaanza kutetemeka mpaka unashindwa kuushika.

Na chesisi yenyewe? Gari limeishi Malindi zaidi ya miaka ishirini, hewa ya chumvi usiku na mchana. Kutu hula kutoka ndani, rangi ya nje inabaki nzuri. Chukua nyundo ndogo, ingia chini, gonga mbele yote pale vyuma vya springi vitakapochomelewa. Chuma kizima hulia kama kengele. Kilicholiwa husema du, kama unagonga papai. Ikisema du, mazungumzo na binamu yamekwisha bila ugomvi, kwa kuwa hakuna pa kuchomelea.

Njia zote mbili zinapandisha uzito juu, na hili watu wa pwani tusingehitaji kuambiwa. Jahazi halina farumi, linapaa zuri machoni, na upepo wa kwanza wa ubavuni unalilaza. Mimi nililaza gari. Nilikuwa na pikapu nikaipa shako ndefu nyuma, vile vishikio vya springi, ili ibebe magunia, nikajiona mjanja. Nikitoka Gongoni na shehena, ng'ombe akaingia njiani, nikakata usukani kama nilivyozoea. Pikapu haikurudi. Utingo wangu alivunjika mtulinga, na kosa lilikuwa langu, si la ng'ombe. Nakueleza ili ujue kwamba gari lililonyanyuliwa hujifunza kuliendesha upya. Kwa tairi hizo kubwa hata saa ya mwendo itakudanganya: ikisoma 80, wewe uko karibu 87.

Sasa nirudi kwenye mstari mmoja uliouandika ukaupita haraka: "Logibuku bado ina jina lake."

Unasema gari lilibaki mkononi mwako bila mtu kusema neno. Ni kweli, hakuna aliyesema. Lakini je, kuna aliyeulizwa? Kama babu na nyanya upande wa baba walikwisha kutangulia, na madeni na wasia vimetoka, basi mama ana thumni yake, na kinachobaki mnagawana wewe na nduguyo mafungu mawili mawili, dada fungu moja. Hesabu hiyo ukiiteremsha kwenye gari, katika kila shilingi mia ya thamani yake thelathini na tano ni zako. Thelathini na tano ni za mdogo wako, kumi na saba na nusu za dada, kumi na mbili na nusu za mama. Huenda wakakuachia lote kwa moyo mkunjufu, kwa sababu wewe ndiye uliyemuuguza mzee. Huenda mkakubaliana wewe uchukue gari, na wao wazidishiwe kwenye shamba. Hayo ni ya kuzungumzwa nyumbani, na Mahakama ya Kadhi iko hapo hapo Malindi ya kuyatilia muhuri. Ila kwa leo, unapanga kukata kwa moto kitu ambacho fungu kubwa lake ni la wengine.

Na hapo ndipo naziona njia zako mbili zinapoachana, zaidi ya bei. Kunyanyua ni kama kupandisha foromali: hukupenda, unaiteremsha. Fundi analegeza bolti, anarudisha shokabzoba za zamani, na gari ni lile la baba. Kutia ekseli ni kubadilisha mkuku. Vile vyuma vya mbele vikishakatwa havirudi, na gari hilo ukitaka kuliuza, au ndugu zako wakitaka fungu lao, mnunuzi atainama chini, ataangalia, na bei itakuwa nyingine. Sisemi usikate. Nasema anayekata awe ameruhusiwa na wenzake, awaite, awaoneshe, wajue.

Kuhusu sheria, mabadiliko ya namna hii yafikishe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kabla, si baada, uwaulize wanataka ukaguzi gani. Na bima usiwafiche. Nimewaona watu wamelipa bima miaka, ajali ikatokea, wakaambiwa gari lililoandikwa kwenye karatasi si hili lililo barabarani. Na wewe utakuwa umebeba wafanyakazi.

Mkandarasi naye nina neno juu yake. Miezi sita hiyo imeandikwa, au ni ya mdomo? Siku gari likifika kumbe kazi imesimama kwa mvua, unalipwa? Nimeona vijana wakitia pesa kwenye gari kwa ajili ya kazi moja, na kazi ikaisha wiki ya tatu. Unaweza kumwomba mkubaliane kwamba zile siku za mafuriko, kipande kibaya kivushwe na trekta, na gharama mgawane. Trekta za kukodi ziko Magarini, na korongo likijaa hata ekseli nzima inasubiri kama mimi na wewe. Jaribu kumwuliza. Akikataa, umejua ni mtu wa namna gani kabla hujatoa senti.

Kuna na vitu vidogo ambavyo pengine umevipita. Tairi zako zina meno, au ni vipara? Unaingia topeni na upepo wa 40 kwa sababu una mzigo? Ukiwa na mzigo mwepesi, shusha mpaka 25 hivi ufike polepole, tairi itapanua unyayo wake kama mguu wa ngamia, kisha uijaze kwa pampu ya betri kabla hujarudi barabara ngumu. Na binamu yako, kama moyo wako hautaki kumvunja, ana mkono wa kuchomelea. Anaweza kukutengenezea bamba la kinga la kufunga kwa bolti chini ya difu na karibu na zile raba. Hiyo ni kazi yake ya haki, utamlipa, na chesisi haikuguswa. Njia nyingine, ambayo najua itakuuma, ni mkubaliane nyote kuuza gari hili mnunue Hilux ya zamani zaidi iliyotoka kiwandani na ekseli mbele. Hiyo haina mchomeleo wa mtu. Lakini haitakuwa gari la baba, na wewe na mama ndio mnaojua hilo lina uzito gani.

Mama hakukukataza. Ameuliza swali, na swali lile hukulijibu. Mkalishe kwenye kiti cha mbele gari likiwa pale uani, kisha mwambie litapanda kiasi hiki, mwoneshe kwa kiganja. Goti lake litakupa jibu moja, na mdomo wake pengine la pili. Ikibidi, kibao cha kukanyagia ubavuni hutengenezwa kwa siku moja.

Na mkeo, mwanangu. Nimekisoma kile kipande cha unga mara tatu. Mali yake ni yake, dini imemhifadhia, na akikupa ni hisani. Sijui moyoni mwake kuna nini. Labda alikuwa amechoka tu, labda alikuwa anaaga duka lake. Usimuulize tena wakati anapika. Mtoto akishalala, kaeni barazani, umuulize duka lile alilipanga vipi, kodi kiasi gani, madira angeyatoa wapi. Msikilize mpaka mwisho bila kutaja gari. Kisha, kama bado mnataka zitumike pesa zake, ziandikeni kuwa mkopo, na tarehe ya kurudisha. Kama ni 60,000 tu za kuanzia, akiba yako inatosha bila kugusa zake. Ni wewe utakayepima.

Kabla ya hayo yote, nakuomba kitu kimoja kisichogharimu shilingi mia mbili. Safari yako ijayo ya Adu, hasa kama mvua imetangulia, nunua chokaa, ikoroge nzito, ingia chini ya gari upake kila kinachoning'inia: difu ya mbele, difu ya nyuma, mikono ya chini, boksi la gea, tangi. Iache ikauke usiku kucha. Nenda na mzigo wako wa kawaida, kwama kama utakwama, rudi. Halafu kabla hujaosha gari, lala chini na tochi uangalie chokaa imekwanguka wapi.

Niandikie uniambie. Nitasubiri barua yako, na unisalimie mama.

Ami